Kiti Upande wa Pili wa Meza

Kiti kiliingia kwa mlango wa nyuma saa moja na nusu asubuhi, fundi wa mashine akikisukuma kwa mguu kama anayefukuza kuku. Kilikuwa cheusi, cha kuegemea, chenye magurudumu madogo na kijiti pembeni cha kukipandisha na kukishusha. Wanawake waliokuwa wakikunja mashuka waliacha kazi wakakitazama. Katika chumba kile cha kufulia hakuna aliyewahi kukaa, ila juu ya ndoo iliyopinduliwa, saa ya chai.

"Bosi kahamia huku?" mmoja akauliza.

"Bosi gani? Cha Mama Pacha hiki," fundi akasema. "Kwa ajili ya mgongo wake."

"Haya, malkia kaletewa kiti chake!"

Wakacheka. Mama Pacha naye akacheka, huku macho yamemjaa machozi. Alikuwa ameshika pembe mbili za shuka. Pembe nyingine mbili zilikuwa mikononi mwa mwenzake, yule wanayemwita Chuma. Chuma hakucheka. Alilivuta shuka kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, Mama Pacha akapepesuka hatua moja mbele.

"Taratibu, dada."

"Kazi inasubiri," Chuma akasema.

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika wawili, mnalivuta, mnalipiga hewani mara moja likae sawa, kisha mnaendeana kama watu wanaotaka kukumbatiana. Mmoja anampa mwenzake pembe zake, anainama, anashika mkunjo wa chini, mnarudi nyuma tena. Mashuka ya hospitali, mashuka ya hoteli, mia nne kwa siku, siku nyingine mia tano. Yanatoka kwenye mashine ya pasi yakiwa bado ya moto, na chumba kizima kinanuka sabuni na mvuke. Kila mmoja ana mwenza wake, na mwenza habadilishwi ovyo, maana mikono ikizoeana kazi inakwenda haraka. Chuma na Mama Pacha walikuwa wamekunja pamoja miaka tisa. Miaka tisa ya kuendeana na kurudi nyuma. Ukikunja na mtu hivyo, humwoni kisogo. Unamwona uso, kila shuka, kuanzia asubuhi mpaka king'ora cha jioni.

Ndiyo maana fomu ya nesi ilimtaka mwenza awe shahidi.

Mpango huo wa fomu ulikuwa umeanza mwaka ule ule. Nesi wa kiwanda, mama mfupi mwenye miwani, alipanda juu ya kreti la sabuni akawaeleza: mwenye maumivu yaliyozidi miezi mitatu aje. Mwenye moyo mzito, asiyelala, anayelia bila kujua sababu, naye aje. Atapewa kazi ya kumfaa, mapumziko, mtu wa kumnyoosha viungo, na mshauri wa kuzungumza naye. Hatafukuzwa mtu.

"Hatafukuzwa!" mzee wa toroli akadakia. "Wakishajua unaumwa, mlango wa kutokea ndio huo."

Watu wakaguna. Miezi miwili nesi akakaa peke yake na fomu zake. Aliyekwenda wa kwanza alikuwa Mama Pacha, na aliyeandika ushahidi wake alikuwa Chuma, kwa mkono wake mwenyewe, amesimama, karatasi ameiweka juu ya mashine yenye joto: *Nimemwona akiinama akashindwa kunyanyuka. Nimemwona akilia ndani ya shuka. Si mwongo.*

Aliandika kwa mapenzi kabisa. Siku ile hakujua kwamba karatasi ingezaa kiti.

Tena kiti hakikuja peke yake. Mama Pacha alitolewa kwenye kukunja akapewa kushona vishimo vya mashuka, amekaa pale upande wa pili wa meza ya kukunjia, na Chuma akapewa mwenza mpya, binti mmoja mwepesi wa mdomo na mzito wa mikono. Kila baada ya saa mbili Mama Pacha aliinuka akatembea uani dakika kumi. Kila Jumatano aliingia kwa mshauri, chumba kidogo jirani na stoo, akatoka na uso kama shuka lililotoka kwenye pasi. Siku mgongo ukimkaba sana, gari la kiwanda lilimfikisha nyumbani. Akajishonea na mto wa kiti, kwa vipande vya mashuka mabovu, katikati akatia ua la uzi wa buluu.

Lile ua ndilo lililomkera Chuma kuliko vyote.

Maana Chuma naye alikuwa anaumwa. Bega la kulia, toka mwaka uliopita. Lilianza kama mtu anayekuchoma sindano, likawa kama mtu aliyeisahau sindano yenyewe humo ndani. Asubuhi binti yake, mwenye miaka kumi na sita, ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni mgongoni na kumchana nywele, kwa sababu mkono haukupanda kupita kidevu. Kazini alijifunza kulirusha shuka kwa kiuno badala ya bega. Hakuna aliyejua. Ukutani karibu na mlango wa ofisi kulikuwa na picha yake, imeandikwa chini: *Hajakosa siku hata moja, miaka kumi na moja.* Jina la Chuma lilitoka hapo. Marehemu mama yake alimlea hivyo hivyo: jikaze, usilie mbele za watu, wakikuona unalia wamekupata.

Kwa hiyo alijikaza. Na mtu anayejikaza akimtazama aliyejilegeza akapewa kiti, roho inaingia mchanga.

Jumatano moja Mama Pacha alitoka kwa mshauri, akapita karibu naye.

"Mnaongea nini humo saa nzima?" Chuma akauliza.

"Mambo ya moyo tu, dada."

"Moyo wako una mambo gani ambayo sisi wengine hatuna?"

Mama Pacha akasimama. Alimtazama kama alivyomtazama miaka tisa, usoni.

"Unayo. Ndiyo maana nasema twende wote. Chukua fomu, nitakuandikia mimi. Ule mkono naujua. Ulianza kurusha shuka kwa kiuno tangu kabla sijatolewa kwenye kukunja."

Chuma akahisi kama amevuliwa nguo mbele za watu.

"Mkono wangu mzima," akasema. "Usinitafutie ugonjwa ili upate mwenzio wa kukaa naye."

"Haya. Basi. Nimekosea."

"Shona mashuka yako."

Akashona. Na Chuma akarudi kwenye pembe zake, akalirusha shuka kwa bega makusudi, ili aonekane. Maumivu yalimshuka mpaka kwenye vidole. Akatabasamu.

Jumapili iliyofuata alikuwa anatoka dukani na nusu mkate. Mbele kidogo, penye bomba la mtaa, akamwona Mama Pacha. Pacha mmoja mgongoni, ndoo imejaa mkononi, mwingine ameshika upindo wa gauni, na mama mtu anacheka na jirani mpaka ufizi unaonekana. Mama Pacha akamwona naye, akainua mkono uliokuwa mtupu akampungia.

"Dada! Karibu nyumbani!"

Chuma alipunga. Hakwenda. Alipofika kwake aliuweka mkate mezani kwa kishindo.

"Nimemwona yule mgonjwa wetu," akamwambia binti yake. "Kabeba mtoto, kabeba ndoo, anacheka. Mgongo mbovu huo! Siku hizi ukitaka kiti piga kelele. Sisi tunaonyamaza ndio wajinga. Shika neno langu, mwanangu, wanaolalamika wote wanatafuta kiti."

Binti alikuwa amekaa kitandani, magoti ameyakumbatia kifuani.

"Umekaaje hivyo?"

"Nimechoka tu, mama."

"Haya."

Akaenda kukata mkate. Akina mama wanaosoma hapa wataniuliza, hakuona? Hakuona. Jicho lilikuwa limejaa ndoo ya mtu mwingine.

Jumatatu, saa ya chai, badala ya kupindua ndoo yake alikwenda kwa nesi akafunga mlango.

"Nataka kuondoa maneno yangu. Yale ya Mama Pacha. Niliandika kwa kumwonea huruma."

Nesi akavua miwani. "Una maana hukuona ulichoandika?"

"Niliona. Lakini alizidisha. Jana nimemkuta kabeba ndoo."

"Maumivu ya namna hii yana siku nzuri na siku mbaya, mama. Hilo unalijua?"

"Nijuavyo mimi, mgongo mbovu ni mbovu."

"Ukiondoa maneno yako, ofisi itasimamisha kila kitu mpaka daktari aje kumpima. Na daktari anakuja baada ya miezi mitatu. Fikiri kwanza."

Pale palikuwa na nafasi ya kusema, basi, yaache yalivyo. Ilikuwa nafasi ndefu. Nje mashine zilinguruma, mtu akaita toroli. Chuma akaitazama fomu ya Mama Pacha mezani, yenye mwandiko wake mwenyewe, akaona neno *mwongo* limekaa mwishoni, herufi zake zimenyooka.

"Nimefikiri," akasema.

Jumatano kiti kilirudi stoo kwa mlango ule ule, fundi akikisukuma kwa mkono safari hii, polepole, bila utani. Mto wa ua la buluu ulikwenda nacho. Mshauri alikuja, akakaa chumbani mwake, akaondoka. Na yule binti mzito wa mikono akahamishwa, kwa sababu Mama Pacha alirudishwa mahali pake pa zamani, mbele ya Chuma.

Alikuja, akajifunga aproni, akashika pembe mbili.

"Tuanze," akasema.

Shahidi alikuwa mmoja tu, hakuhitaji kuambiwa ni nani. Wakavuta, wakapiga, wakaendeana. Kila shuka Chuma alimwona uso. Alipoinama kushika mkunjo wa chini, Mama Pacha alifumba macho, akahesabu kimyakimya kwa midomo, moja mbili tatu, ndipo akanyanyuka. Shuka la kwanza. Shuka la hamsini. Kufikia la mia mbili midomo ilikuwa imebadilika rangi. Chuma alijaribu kutazama ukuta, lakini ukutani kulikuwa na picha yake.

Siku ya nne, katikati ya shuka la hoteli, Mama Pacha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba sabuni:

"Ile Jumapili mgongo ulinipa ruhusa. Ndiyo nikabeba maji. Jumatatu nimevaa viatu nikiwa nimelala sakafuni, jirani akinivalisha. Ulipunga mkono, nikajua umefurahi kuniona nacheka."

Shuka likawa refu kuliko mashuka yote.

"Inama wewe," Mama Pacha akasema. "Zamu yako."

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, msimamizi akamwita Chuma ofisini kupokea simu. Alikuwa mwalimu wa binti yake.

"Mama, mtoto ameanguka darasani. Tuko naye zahanati. Njoo sasa hivi."

Alikimbia na aproni yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alitoka kwenye ule mlango kabla ya king'ora, na hakulifikiria hilo hata kidogo.

Binti alikuwa amelala kwenye benchi pana, amejikunja kama jongoo, paji la uso limelowa jasho. Mwalimu alisema tumbo lilikuwa likimsumbua kila mwezi, na mwezi huu lilizidi; wenzake walikuwa wakimficha chooni mpaka lipoe. Daktari akasema ni jambo linalotibika, ila limecheleweshwa. Kuna uvimbe. Atahitaji kupimwa, na kufuatiliwa, na si jambo la kujikaza.

"Toka lini?" Chuma akamwuliza mwanawe.

"Toka mwaka jana."

"Mwaka jana! Na mimi niko nyumba moja na wewe, unanichana nywele kila siku! Mbona hukuniambia?"

Binti akageuza uso, akamtazama. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ile Jumapili nilitaka kukuambia, ukasema wanaolalamika wanatafuta kiti."

Chuma alitaka kumshika kichwa. Mkono wa kulia ulipanda mpaka kidevuni, ukagoma. Akabadilisha, akamshika kwa wa kushoto.

"Na wewe unaumwa, mama," binti akasema kwa upole. "Nilidhani ndivyo tulivyo. Nilidhani na mimi ni chuma."

Jumatatu alirudi kazini. Shuka la kumi na mbili, alipolipiga hewani, bega lilikatika kama uzi. Hakupiga kelele. Vidole vilifunguka tu, pembe mbili zikamtoka, na shuka zima la moto likashuka likatua sakafuni penye maji, likajipaka matope. Mzee wa toroli akasimamisha toroli. Chuma kuangusha shuka!

Msimamizi akamtuma kwa nesi. Nesi akamkalisha, akaushika mkono, akaunyanyua kidogo, akaurudisha. Akatoa fomu.

"Nani anakunja na wewe?"

"Unajua."

"Lazima niulize."

"Usimwombe yule," Chuma akasema. "Nakusihi. Andika mtu mwingine. Andika mzee wa toroli."

"Mzee wa toroli anakuona mgongo. Subiri hapa."

Alisubiri. Kupitia ukuta alisikia mashine ya pasi ikipumua mvuke, na mahali fulani katikati ya sauti zile palikuwa na meza moja isiyofanya kazi, yenye mwanamke mmoja aliyesimama na shuka asiloweza kulikunja peke yake. Chuma alijiandalia maneno atakayosoma. *Sijaona kitu.* Au, *Ni mzima, amebeba mkate Jumapili.* Alistahili yote mawili, na alijua.

Nesi akarudi, akaiweka karatasi mezani. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa mtu aliyeandika haraka, amesimama, karatasi juu ya mashine:

*Nimemwona akirusha shuka kwa kiuno ili asiinue mkono. Nimemwona akiuma mdomo miezi kumi na minne. Si mwongo.*

Aliyasoma yale maneno mawili ya mwisho mara mbili, mara tatu. Kisha akalia. Hakuwa na shuka la kujifichia, akalia wazi, pale kwenye kiti cha mgonjwa, aproni ikiwa bado imelowa. Nesi akamwacha. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akasema:

"Yale niliyoyaondoa yalikuwa ya kweli. Nilipokuja kuyaondoa ndipo nilipodanganya. Niliona kijicho. Yaandike hayo."

"Nikiyaandika hayo," nesi akasema polepole, "ofisini watasoma kwamba umegeuza maneno mara mbili. Wanaweza kusimamisha na ya kwako."

"Yaandike."

Nesi akaandika. Ilichukua muda. Chuma akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Kesho yake asubuhi majibu ya ofisi kuhusu maungamo ya Chuma yalikuwa hayajaja, lakini majibu ya karatasi aliyoiandika Mama Pacha yalikuja na fundi wa mashine. Alisukuma kiti kile kile cheusi, na juu yake mto ule ule wa vipande, wenye ua la buluu.

"Cha Chuma," fundi akasema, akitazama chini. "Kwa ajili ya bega. Cha kuanzia tu, mpaka watakaposema vinginevyo. Stoo kilikuwa hiki kimoja."

Hakuna aliyetania. Fundi akakiacha upande wa Chuma wa meza, akaondoka.

Mama Pacha alikuwa ng'ambo, amesimama, mkono mmoja kwenye meza, mwingine kiunoni. Alikitazama kiti mara moja tu. Akachukua foronya, kitu kidogo, kitu anachoweza mtu mmoja, akaanza kukunja.

Chuma alisimama nyuma ya kiti. Aliweka kiganja juu ya lile ua, akahisi mafundo ya uzi, madogo, yamebanwa vizuri, kazi ya mtu mwenye subira. Kisha kwa mkono wake wa kushoto akakisukuma. Magurudumu yalilia sakafuni, yakapita penye maji yakaacha mistari minne, yakazunguka pembe ya meza, yakafika upande wa pili. Akakisimamisha nyuma ya magoti ya Mama Pacha.

Akarudi upande wake.

Mashine ya pasi ikatoa shuka jingine, pana, la moto. Chuma akashika pembe moja kwa mkono mzima, nyingine akaibana kwenye kwapa, akasubiri. Mvuke ulikuwa mwingi kati yao. Mama Pacha akaiweka foronya chini. Kiti kilikuwa nyuma yake, hajakaa, hajakisukuma. Akanyoosha mikono, akazitafuta pembe zake mbili, na shuka likakazika katikati ya wale wawili, jeupe, likitetemeka kidogo.